Saa Haina Breki

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nyingine mpe mkaza mjomba, maana najua ndiye anayekusomea barua siku ukipoteza miwani. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, akishuka hayamsumbui, kwa hiyo baba anasema magoti hayo yana ujanja. Baba mwenyewe mzima. Anatengeneza milango ya zahanati mpya, na kila jioni anarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi. Saa ya ukutani uliyotupa mwaka niliomaliza shule imesimama saa nne na robo. Nilitaka kuipeleka kwa fundi wa sokoni, baba akakataa. Anasema fundi wake yupo, ila tu hajaja.

Nimeamua kuandika kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuuliza hali yako, ukanijibu saa sita kasoro.

Sasa lililonileta. Jumapili nimempoteza samaki wa tatu. Kolekole, Mjomba, mnene kama gunia. Nilimshika vizuri, fimbo ikapinda, halafu rili yangu, ile mashine ya kukunjia mshipi, ikaanza kusaga ndani kama mtu anayetafuna changarawe. Gia zimekwisha. Nikabaki nimeushika mpini unaozunguka bure, samaki akaenda zake na ndoana yangu mdomoni. Pale gatini sasa wananiita Bi Mkia, kwa kuwa eti samaki mkubwa sijawahi kumwona upande wa kichwa.

Ingekuwa mchezo ningecheka nao. Lakini chama cha wavuvi wa mshipi kimepata boti mpya, na nahodha wake atatoka kwenye shindano la Septemba. Atakayeleta samaki mzito kuliko wote, kwa fimbo na kwa mikono yake mwenyewe, ndiye atakayepewa usukani, kazi ya mshahara wa kila mwezi. Mwaka wa saba huu nasaga barafu kiwandani. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto kila asubuhi havina habari na mimi mpaka niviloweke kwenye maji ya moto. Daktari ameniambia baridi ikiendelea, iko siku havitaamka. Naitaka kazi ile. Nataka kufanya kazi juani.

Nina akiba ya rili moja, siyo mbili, kwa hiyo sina nafasi ya kukosea. Katika ukoo huu fundi wa vyuma vidogo ni wewe. Nichukue ipi?

Halafu kuna ile rili ya zamani ya baba, iko kwenye sanduku la mama, imeviringishwa kitambaa. Nikimuuliza baba ina nini, ananijibu, "Ilinisaliti," anaondoka. Wewe ulikuwepo mwaka huo ilipomsaliti. Ilikuwa na ubovu gani?

Mpwa wako wa barafuni


2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na mkaza mjomba anasema marahaba mara mbili kwa kuwa amezipokea shikamoo zote mwenyewe. Hatujambo. Bado niko palepale chini ya ngazi, meza ileile, taa ileile. Jirani yangu mpya ni fundi wa klachi za malori, mtu mwema lakini nyundo yake haina adabu. Akipiga, skrubu zangu zinaruka mezani kama panzi. Wiki iliyopita nimetafuta skrubu ya saa ya bibi mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kumbe iko kwenye kikombe changu cha chai, na chai nilishaimaliza nusu.

Pole kwa samaki. Na vidole hivyo visikilize, usivifanyie ubabe. Mimi nakula kwa vidole, najua thamani yake.

Kuhusu rili, muuzaji atakuanzia na beringi. Atakwambia hii ina saba, hii ina kumi na moja, utafikiri anataja watoto wake. Usimsikilize. Beringi kumi na moja za ovyo ni milango kumi na mmoja ya kutu. Wewe ishike rili, mkono mmoja mwilini, mwingine kwenye mguu wake unaofungwa kwenye fimbo, uikamue kama nguo uliyoifua. Ikijipinda hata kidogo, irudishe rafuni, maana kolekole ataikamua zaidi yako. Mwili uwe chuma kitupu, plastiki waachie wanaovua bwawani. Zungusha mpini polepole huku umefumba macho. Gia nzuri haikwambii kitu, mbaya inaongea. Usichukue ya mbio sana pia. Mzunguko mmoja ukikusanya kama mita moja ya mshipi inatosha, kwa kuwa rili ya mbio ni dhaifu katika kuvuta. Bobini yake, pale mshipi unapojikunja, imeze mita mia tatu za mshipi mnene wa kusokotwa na ibaki na nafasi. Na kagua kama ina mipira ya kuzuia maji ya chumvi kwenye maungio.

Lakini kuliko vyote ni breki. Samaki akikimbia, breki ndiyo inayomwachia mshipi kidogokidogo bila kukatika wala kumlegezea. Ndani yake mna visahani vyembamba vinavyobanana, na visahani hivyo

Basi, hayo mengine muulize muuzaji.

Wasalimie wote. Shemeji mwambie milango ya zahanati aitengeneze mipana, wagonjwa wengine huja na ukoo mzima.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tumeipokea barua na mama ameisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya ile skrubu tu. Mdogo wangu amepata uhamisho, anafundisha shule ya karibu sasa, kwa hiyo Jumamosi anakuja kula na kutusahihishia namna tunavyokaa. Baba amecheka habari ya milango mipana. Kesho yake nikamwona anapima upya.

Nimekwenda dukani. Mji huu una duka moja tu la vifaa vya uvuvi vya maana, la yule mzee tunayemwita Miwani, ana jozi moja puani na nyingine kichwani. Alinipangia rili tatu juu ya kaunta. Ya kwanza inang'aa kama kijiko cha harusi, beringi kumi na moja, alizitaja kabla sijamsalimia. Nimeikamua kama ulivyosema, ikajipinda. Miwani akaguna, akairudisha. Ya pili nyeusi, nzito kama jiwe, mpini wake ukiuzungusha unasikia kitu ndani kinakwaruza. Ya tatu ya kijivu, ina mstari wa dhahabu kwenye bobini. Nilifumba macho, nikazungusha. Haikuniambia kitu.

Nilikuwa nimebeba mizani ya kuning'iniza ya kiwandani. Tukafunga mshipi kwenye ndoano ya mizani, mimi nikavuta fimbo, Miwani akasoma. Breki ya ile ya kijivu imeshika kilo kumi na tano na kuachia taratibu, bila kushtuka. Nimeipenda, Mjomba.

Tatizo ni kwamba ni kabila moja na ile ya baba. Na ni duka lilelile. Siku baba aliponiona natoka mle, alisema, "Ukinunua kitu kwa mtu yule, kisiingie nyumba hii." Ndipo mama akanisimulia. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya shindano, baba alimshika samaki ambaye mpaka leo wazee wa gatini wanamsema. Samaki akakimbilia mwambani. Baba akakaza breki, ikawa inateleza tu, akakaza mpaka mwisho, mshipi ukazidi kutoka kama hakuna aliyeushika, bobini ikabaki tupu, fundo la mwisho likakatika. Alitoka kwenye boti na nguo za chumvi moja kwa moja hadi dukani, akamwita Miwani mwizi mbele ya wateja. Tangu siku hiyo hajavua, hajamsalimia, na barabara ile hupita upande wa pili hata kama kuna matope. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilidhani anapenda kivuli.

Kwa hiyo nikuulize tena, kwa kuwa mara ya kwanza umenipiga chenga. Ile ya zamani ilikuwa na ubovu gani? Kama ni ubovu wa kabila lote, niambie niiache hii ya kijivu. Na kwenye barua yako, pale uliposema visahani, kuna mistari miwili umeifuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Ulikuwa unataka kusema nini?

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, mkaza mjomba wako alishikwa na homa kali na sikupata nafasi ya kukaa na kalamu.

Kazi ipo. Watu wanaleta saa za kubadilisha betri, za kufikiria hawaleti.

Nadhani iache hiyo ya kijivu. Zipo rili nyingine duniani. Nenda mji mwingine, agiza, muda bado upo. Usimkasirishe baba yako kwa ajili ya chuma. Ile ya zamani iacheni kwenye sanduku ilale.

Mjomba wako

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine:) Mpwa wangu, mimi sikuumwa hata mafua. Mjomba wako ameichana barua hii mara nne. Mwulize tena. — Mkaza mjomba


17 Juni

Mjomba,

Leo salamu zitakuja mwisho, kwa sababu nikizitanguliza nitapoa.

Nimeifungua rili ya baba. Mama ndiye aliyenitolea kwenye sanduku, baba akiwa kazini, akanipa na bisibisi akasema yeye hajaona kitu. Niliipeleka kiwandani nikaitandaza kwenye meza ya chumba cha mapumziko, juu ya gazeti, skrubu kwa mpangilio kama nilivyokuwa nakuona ukifanya. Nilitarajia uozo. Mjomba, rili ile haina kasoro! Gia zina meno yote, makali. Beringi nzima. Mwilini hakuna chembe ya kutu. Aliyeifungua kabla yangu aliisafisha kwa mapenzi, hata kwenye vile vipenyo ambavyo hakuna anayeviona.

Mwisho nikafungua breki. Visahani vyote vimegandana kwa utando wa njano. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaupasha kwa pumzi, nikaunusa. Ulinuka maganda ya chungwa ya juzi.

Harufu hiyo naijua. Likizo zote za utoto wangu nilikaa kwenye kigoda chini ya meza yako, na wewe ulikuwa na kichupa cha bluu, mafuta yako ya saa, na ulikuwa hukubali mtu mwingine akiguse. Miwani nimemuuliza kijuujuu kama visahani vya rili ya aina ile hutiwa mafuta. Ameshtuka kama nimemwambia nimeweka sukari kwenye tangi la boti. Anasema hukaa vikavu, ukivitia mafuta breki inateleza.

Baba sijamwambia. Nakuuliza wewe kwanza kwa sababu nakupenda, na kwa sababu kila nikifikiri kwamba ulijua, nalia kwa hasira. Amepita kwenye matope miaka kumi na tisa.

Shikamoo. Mama hajambo. Magoti vilevile.

Mpwa wako


25 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika siku nne zilizopita, na leo naijibu kabla ya kufungua kibanda. Fundi wa klachi ameniuliza kama nimefiwa.

Ni mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami maradhi haya nimeyaficha vya kutosha.

Nilikuja kuwatembelea. Jioni ya kuamkia shindano baba yako alikwenda kutafuta chambo, rili ikabaki mezani. Nikasema nimfanyie shemeji wema. Alinilipia karo ya ufundi, unajua? Hakuwahi kulitaja. Nikaifungua yote, skrubu ishirini na mbili, nikasafisha kila kijino kwa brashi ya saa. Nilipofika kwenye breki nikakuta visahani vikavu kabisa. Nikasikitika. Nikasema muuzaji huyu mchoyo, hata tone moja la mafuta! Nikavitia. Kila kimoja, pande zote mbili, nikafuta kingo ili shemeji asichafue mikono.

Mtu wa saa anafundishwa jambo moja tangu siku ya kwanza: vikigusana, tia mafuta. Saa haina breki, mwanangu. Maisha yangu yote sikuwahi kukutana na kitu kilichotengenezwa makusudi ili kikwaruzane. Sikumwambia baba yako kwamba nimeifungua kwa sababu nilitaka aione laini mwenyewe, ashangae. Samaki alipopotea nami nikamlaani Miwani, tena kwa sauti kuliko baba yako.

Miaka minane baadaye mteja akaniletea rili ya aina hiyo, akanionya, "Fundi, breki usiitie mafuta." Nilikaa chini. Ningepanda basi siku ileile nikasema, ingekwisha. Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa aibu, na aibu ikishaota ndevu hupati pa kuinyoa. Ndiyo sababu miaka kumi na moja sijakanyaga kwenu. Mgongo niliokuwa nawasingizia hauna ugonjwa wowote. Safari naziweza.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Barua iliyofungwa ni ya shemeji, nimeandika yote. Mpe kwa mkono wako au ichome, nimekuachia. Na kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa kuna visahani vinane vya breki. Fundi wa klachi amenipa kipande cha kaboni, nami nimekata kwa mkono, siku tatu, kwa kipimo cha rili ileile, maana vipimo vyake sijavisahau. Vikavu. Usitie hata tone. Ukihisi mkono unakuwasha kutia mafuta, kalia mkono.

Ulitaka ushauri wa rili. Nunua ile ya kijivu. Haina kosa na haijawahi kuwa na kosa. Au tumia ya baba yako. Fundi aliyeiharibu ameshajitokeza.

Mjomba wako


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo kwako na kwa mkaza mjomba, mwambie nimemkumbatia kwa ile nyongeza ya pembeni. Mama amekuandalia matusi na baadaye amelia na matusi hakuyatoa. Mdogo wangu amesahihisha barua yako, ameona koma moja tu iliyokosekana.

Baba nilimpa barua Jumamosi, kwenye karakana yake, akiwa anapiga randa. Aliisoma amesimama. Akairudia. Halafu akacheka, Mjomba, akacheka mpaka akashika benchi, akawa anasema, "Pande zote mbili! Amefuta na kingo!" Halafu kicheko kikakatika. Akachukua randa akaendelea na kazi mpaka ubao ule ukawa mwembamba haufai tena.

Siku ya nne alinyoa, akavaa shati la kola, akatoka. Mama akaniita dirishani. Tulimwona anafika pale anapovuka kwenda upande wa pili. Akasimama. Pikipiki mbili zikapita. Halafu akaendelea moja kwa moja, upande wa duka, akaingia. Mama alinibana mkono mpaka vile vidole vyangu visivyosikia vikasikia.

Nilimfuata kwa kisingizio cha ndoana. Nikakuta wamesimama, kaunta katikati yao. Baba alikuwa anasema, "Nilikuita mwizi mbele za watu. Hapa watu ni wawili tu, lakini nitarudi wakijaa nirudie." Miwani akatoa miwani ya puani, akavaa ya kichwani, akamtazama sana. "Upande ule una matope," akasema. "Nimekuwa nikikuhurumia kila mvua."

Basi wakakaa. Nikatoa rili ya zamani na visahani vyako. Miwani alivikagua kimoja kimoja kwa lenzi, akasema, "Huyu aliyekata ni mtu wa saa." Baba akajibu, "Ndiye huyohuyo." Tukaviweka vikavu, tukafunga skrubu ishirini na mbili, tukatundika mizani. Kilo kumi na sita, Mjomba! Inaachia laini kama kitambaa kinachovutwa mezani. Miwani akaipima na ile ya kijivu, akakubali mwenyewe kwamba ya zamani imeizidi.

Nikamuuliza baba nichague ipi. Akasema niulize mikono yangu. Nilifumba macho nikazungusha zote mbili, na nimechagua ya baba. Nimenunua mshipi tu. Miwani alilalamika kwamba amemkosa mteja miaka kumi na tisa, leo amerudi na binti yake na wote wawili hawanunui rili.

Juu yako baba hajasema lolote. Nisikudanganye. Nilimuuliza kama atakujibu, akasema anafikiria.

Mpwa wako


3 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Mkaza mjomba ameificha ili nifanye kazi.

Afikirie. Mimi nilifikiria miaka kumi na moja, siwezi kumhesabia wiki.

Ukimaliza kuvua, osha rili kwa maji baridi ya kumwagia taratibu huku breki umeikaza, ili maji yasipenye. Kabla ya kulala ilegeze, visahani vipumzike. Siku ya shindano weka breki theluthi moja ya nguvu ya mshipi na usiiguse tena. Samaki akikimbia hofu itakwambia kaza. Usiisikilize.



Mjomba wako


16 Septemba

Mjomba!

Shikamoo, shikamoo, na nyingine mpe fundi wa klachi. Wote wazima, mpaka magoti ya mama, aliyeshuka gatini na kupanda bila kulalamika kwa kuwa alikuwa na haraka ya kujisifu.

Nianze na alfajiri. Sheria ya shindano inaruhusu watu wawili kwenye boti. Mmoja anavua, mwingine anashika usukani na upembo, ile fimbo ya kumpandishia samaki, lakini haruhusiwi kugusa fimbo ya kuvulia. Nilikuwa nimeahidiwa mwenzangu wa kiwandani. Nafika gatini namkuta baba amekaa kwenye usukani na kofia yake ya seremala. Akasema, "Mwenzako nimemrudisha akalale."

Mpaka saa tano hatukupata kitu cha maana. Boti jirani walikuwa na kilo thelathini na moja, wakatupigia kelele, "Bi Mkia, umeuona?" Saa tano na nusu baba akazungusha boti, akatupeleka mahali ambapo hakunieleza ni wapi. Nilipoona mwamba umechomoza nikaelewa. Ni palepale pake.

Nikarusha. Nikavuta mara nne. Mara ya tano maji yakapasuka na fimbo ikanivuta mpaka tumbo likagonga ukingo wa boti.

Alikimbia, Mjomba. Alikimbilia mwambani kama wa baba. Rili ikalia, mshipi ukatoka mita hamsini, mia, na mimi naitazama bobini inapungua naona kabisa chuma kitakavyobaki kitupu. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ameukalia. "Kaza breki!" akapiga kelele. Halafu, "Usikaze! Usikaze!" Halafu akaanza kusema jina lako polepole, sijui kama ni dua au tusi. Nikaondoa mkono kwenye breki, nikakumbuka nimekatazwa hofu. Nikaegemea nyuma.

Na breki ikashika. Sikuigusa. Mlio ukashuka, ukawa mzito, mshipi ukawa unatoka kwa shida, mita moja, nusu, kidogo, ukasimama. Samaki akasimama! Baba akasimama naye, akasahau usukani, boti ikazunguka. "Imeshika," akasema. "Imeshika. Imeshika." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Alikimbia mara mbili tena, kila mara ikashika. Dakika arobaini. Vidole vyangu vyote kumi nilivisikia, kila kimoja kikiuma peke yake, sijawahi kufurahia maumivu kama yale. Alipoinuka ubavuni nilimwona kichwa, Mjomba. Kichwa kizima, na jicho, na baba akampandisha kwa upembo, tukaanguka wote watatu sakafuni mwa boti.

Kilo thelathini na nane na nusu, kwa mizani ya kiwanda, nimeisoma mwenyewe! Mwenyekiti wa chama alirudia kupima mara mbili, si kwa kutotuamini bali kwa raha. Miwani aliwaeleza watu wote kwamba rili ile imetoka dukani kwake, na baba akasema kwa sauti, mbele ya gati nzima, "Kweli, na mtu huyu si mwizi, nilikosea mimi." Alikuwa ameahidi kurudia watu wakijaa. Mkia wa samaki wameugongelea juu ya mlango wa chama, wanasema ni kwa heshima yangu. Jumatatu nimepeleka barua ya kuacha kazi ya barafu. Jana nimetoa boti mpya mara ya kwanza, jua likinipiga mgongoni mpaka nikavua sweta.

Rili nimeiosha kwa maji baridi, breki nimeilegeza, inapumzika.

Chini hapa baba ameniomba nafasi. Anaandika kwa penseli yake ya useremala, kwa hiyo usilaumu unene wa herufi.

Nahodha, mpwa wako

Shemeji,
Breki imeshika. Saa yetu ya ukutani bado inasema saa nne na robo. Nimekusubiri, fundi mwingine sikumpa. Njoo na mkeo, mkae mwezi. Hiyo tia mafuta utakavyo.